Shingo ya Mtu Aliyechoka: Kiropraktiki, Ukandaji na Uchovu Sugu Mbulu na Hanang



Nimeombwa nizungumzie tiba ya shingo kwa watu wenye uchovu usiokwisha. Hoja yangu naitanguliza mapema. Hapa kwetu, mtu anayelalamika uchovu wa miezi pamoja na maumivu ya shingo asizungushwe shingo na yeyote, mwenye cheti au asiye nacho, kabla hajachunguzwa brusela (ugonjwa wa bakteria utokao kwa mifugo), kifua kikuu na upungufu wa damu.

Kiropraktiki ilianzia Davenport, jimbo la Iowa, Marekani, mwaka 1895, mikononi mwa Daniel David Palmer. Yeye aliamini kwamba karibu maradhi yote hutokana na pingili za uti wa mgongo kukaa vibaya na kubana neva. Sayansi haikumuunga mkono. Hata hivyo fani imekua, na miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2005 inataka mtaalamu wake asome miaka 4, saa zisizopungua 4,200, na katika hizo saa 1,000 awe anahudumia wagonjwa chini ya usimamizi. Kwa maumivu ya kawaida ya shingo, mikono ya mtu aliyefundishwa hivyo, ikiambatana na mazoezi, huleta nafuu ya kiasi. Kwa uchovu sugu mambo ni tofauti. Wapo wanaotangaza kwamba pingili ya kwanza ya shingo, ile iitwayo atlasi, ikirudishwa mahali pake nguvu zote zinarudi. Dai hilo halina ushahidi wa kutegemewa, na mgonjwa asiuziwe tumaini hilo kwa bei ya ng'ombe wake.

Tena mtu wa Dongobesh au Endasak hafiki kwa mtaalamu wa namna hiyo. Shingo yake hushikwa na mkandaji, au na kinyozi. Sote tumeona saluni: kijana amemaliza kunyoa, amepaka spiriti, anaweka kiganja kimoja chini ya kidevu na kingine kisogoni, anaegemeza kichwa pembeni kisha anavuta ghafla. Shingo inalia. Mteja anainuka akijisikia mwepesi, anaamini mfupa umerudi. Mlio ule ni wa gesi iliyomo kwenye ute wa kiungo. Hakuna mfupa uliotoka wala uliorudi. Kumbe kushoto na kulia, ndani ya matundu ya pingili zilezile, zimepita ateri mbili zinazolisha sehemu ya nyuma ya ubongo. Mvuto wa ghafla unaweza kuchana ukuta wa ndani wa ateri, damu ikaganda, mtu akapata kiharusi. Hutokea kwa nadra, lakini huwapata hata vijana wenye afya zao.

Hatari kubwa zaidi kwetu, kwa maoni yangu, inatoka zizini na kifuani.

Tumchukue mfugaji wa kawaida wa upande wa Basotu. Anakunywa maziwa mabichi tangu utotoni. Ng'ombe akikwama kuzaa, yeye ndiye anayeingiza mkono, bila glavu, na kondo anaitupa kwa mikono mitupu. Usiku ndama na mbuzi wanalala karibu na watu. Miezi kadhaa baadaye ana homa inayokuja na kuondoka, jasho la usiku, viungo vinauma, shingo na mgongo vimekaza, jembe halishikiki. Anameza dawa ya malaria, mara ya kwanza, mara ya pili. Utafiti uliofanywa kwa wagonjwa 870 wa homa waliolazwa Moshi mwaka 2007 na 2008 ulikuta kwamba zaidi ya nusu waliandikiwa malaria, wakati waliokuwa nayo kweli hawakufika hata 2 katika kila 100. Karibu robo walikuwa na maradhi ya bakteria yatokayo kwa wanyama, ikiwemo brusela na homa ya Q. Hii homa ya Q inajulikana kwa kuacha uchovu wa miezi na hata miaka baada ya homa yenyewe kwisha. Waholanzi waliliona hilo baada ya mlipuko wao wa mwaka 2007 hadi 2010. Nao utafiti wa brusela katika mikoa ya Arusha na Manyara, uliochapishwa mwaka 2007, ulionyesha jinsi wagonjwa wanavyochelewa kufika hospitali, na jinsi baadhi wanavyofika bila ugonjwa kutambuliwa.

Brusela huweza kuingia kwenye pingili. Kifua kikuu nacho huingia, hata kwa mtu asiyekohoa. Pingili ya namna hiyo ukiigusa juu ya ngozi ni kama hindi lililobunguliwa: ganda limesimama, ndani kumeliwa. Ukiizungusha inaweza kuporomoka na kubana neva, na mtu aliyekuja kwa miguu yake akaondoka amebebwa. Miongozo ile ya mwaka 2005 inakitaja kifua kikuu cha uti wa mgongo miongoni mwa hali ambazo mtaalamu wa kiropraktiki mwenyewe hapaswi kuisukuma pingili.

Kwa hiyo, kabla ya mafuta na kabla ya mikono, tuulize. Homa za jioni? Jasho la kulowesha shuka? Nguo zimepwaya? Unakunywa maziwa bila kuchemsha, umesaidia mnyama kuzaa au kutupa mimba? Nyumbani kuna mwenye kifua kikuu? Kisha mwambie afunge vifungo vya shati: vidole vikishindwa, au miguu ikiwa mizito, acha kila kitu apelekwe hospitali. Mgongee polepole kwa ncha ya kidole pingili moja moja. Anaposhtuka kwa maumivu makali sehemu moja, hapo pana jambo. Ili kubaini upungufu wa damu, fungua kope utazame weupe wake. Kwa mama aliyezaa karibukaribu, mara nyingi jibu liko kwenye damu.

Wapo watakaobaki baada ya vipimo vyote: uchovu wa zaidi ya miezi 6, usingizi usiopumzisha, kusahausahau, na zaidi ya yote kuanguka kitandani siku moja au mbili baada ya kazi ndogo. Ugonjwa huu wa uchovu sugu upo kweli, si uvivu wala kurogwa. Sisi wa mazoezi tiba tumezoea kuwahimiza watu waongeze mazoezi kila wiki; kwa hawa ushauri huo unaumiza, na mwongozo wa Uingereza wa Oktoba 2021 kuhusu ugonjwa huu uliuondoa. Wagawe kazi, wapumzike kabla ya kuchoka. Shingo zao zikandwe kwa upole, kwa kitambaa cha moto, bila kuvuta. Mizigo nayo ipunguzwe: dumu la maji la lita 20 ni kilo 20. Libebwe na punda, au yagawanywe maji katika madumu madogo.

Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inawatambua wazee wetu wanaokanda viungo na kuunga mifupa vijijini, na kuwataka wasajiliwe. Naomba tukubaliane nao leo: kukanda ruksa, kuzungusha shingo basi. Ofisi za waganga wakuu wa wilaya zipeleke vitendanishi vya brusela kwenye vituo vya afya, si hospitali ya Haydom peke yake, maana nauli ya kutoka Balangdalalu inamkatisha tamaa mgonjwa aliyekwishachoka. Vinyozi nao waitwe kwenye kikao kijacho. Na mkandaji anapomleta mgonjwa, apokelewe kwa heshima, aandikwe jina kwenye kadi ya rufaa, na majibu arudishiwe.