Kabla ya kufungua injini tena

Wiki iliyopita nilikuwa Kibaigwa, pale sokoni kwenye mahindi, barabara ya Dodoma kwenda Morogoro. Shemeji yangu ana Bedford kuukuu ya dizeli, silinda sita. Aliuza ng'ombe ili injini ifanyiwe ovahoo: pistoni mpya, ringi mpya, gasketi mpya. Ilipowashwa ikatetemeka kama mwenye homa, ikitoa moshi mweupe. Mafundi wakasema ringi zimekaa vibaya, ifunguliwe tena. Dereva naye akaambiwa ndiye aliyeiharibu, mshahara ukazuiwa.

Akaitwa mzee mmoja, fundi mstaafu. Hakugusa bolti hata moja ya silinda hedi. Injini ikiunguruma taratibu, alilegeza nati ya bomba la dizeli kwenye nozeli moja moja, kisha akaikaza. Kila alipolegeza, mlio ulidhoofika. Alipofika ya nne, mlio haukubadilika. Kumbe silinda hiyo haikuwa ikifanya kazi tangu mwanzo.

Lakini kosa ni la pistoni au la nozeli? Mzee alizima injini, akabadilishana nozeli ya nne na ya pili. (Msijaribu ovyo, dizeli yenye msukumo ule hupenya ngozi.) Ilipowashwa, ya nne ikafanya kazi, ya pili ikafa. Ugonjwa ulihama na nozeli! Wale mafundi walibadilisha vya ndani vyote, wakarudisha nozeli zilezile bila kuzipima.

Shemeji amepeleka nozeli zote sita Dodoma mjini zikapimwe. Habari ya mshahara wa dereva nilimuuliza mara mbili. Hadi naondoka alikuwa bado anahesabu.