Askofu Muge na Kura ya Siri
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama, Eldoret)



Kabla ya kuchagua viongozi wa tawi, twataka kumtaja mtu wa hapa hapa, marehemu Askofu Alexander Kipsang Muge. Alikuwa Mnandi, askari wa G.S.U., kisha akasomea uchungaji. Mwaka 1983 akawekwa kuwa Askofu wa Eldoret.

Mwaka 1988 KANU ilichagua wagombea wa ubunge kwa mlolongo, yaani kupanga mstari nyuma ya mtu umtakaye. Sisi wafanya kazi twajua maana yake: bwana mkubwa asimama kando akitazama nani yuko wapi. Muge alipinga waziwazi. Mimbari yake ikawa shule. Akafundisha watu haki ya kura, akawakemea wanyang'anyi wa ardhi.

Agosti 1990 Waziri wa Kazi, Bwana Peter Okondo (naam, Waziri wetu sisi wafanya kazi!) alimwonya asitie mguu Busia, la sivyo huenda asitoke hai. Tarehe 14 akaenda. Akirudi siku ile ile, gari lake likagongana na lori upande wa Kipkaren, akafa. Okondo akajiuzulu. Desemba mwaka huo KANU ikaacha mlolongo.

Sasa twasikia wengine hapa wataka tuchague kwa kuinua mikono, ati kuokoa wakati. Sisi twaomba karatasi na sanduku. Karani amekubali kuleta sanduku Jumamosi. Kalamu mje nazo wenyewe.