KODI YA MAPATO KWA WANAMITINDO WASIO NA MWAJIRI MMOJA

(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama)



Tumeombwa tuseme juu ya kodi ya mapato kwa wenzetu wanaofanya kazi ya kuvaa nguo za maonyesho na kupigwa picha za matangazo. Wengine watasema, hii si kazi, ni mchezo wa vijana. Sivyo. Mtu anayesimama chini ya taa tangu asubuhi hata jioni ili nguo ya mwingine iuzwe anauza nguvu zake kama sisi sote. Tena wengi wao ni wanachama wetu, ambao siku za juma wako dukani au ofisini, na Jumamosi wanakwenda kupigwa picha.

Wazee wetu waliijua kodi ya nyumba, iliyoanza nchini mwaka 1901. Kodi ile haikuuliza mtu amepata nini. Ilihesabu nyumba tu, na aliyepoteza risiti aliona taabu. Kodi ya mapato ni nyingine. Hii inauliza: umepata kiasi gani, na umetumia kiasi gani ili ukipate? Basi asiyeandika hesabu yake anatupa haki yake mwenyewe.

Jambo kubwa tunalotaka mlishike leo ni hili: asilimia 5 inayokatwa kwenye malipo yenu si kodi yote. Ni malipo ya mwanzo tu. Mwisho wa mwaka huenda ukadaiwa zaidi, na huenda wewe ndiwe unayedai.

Sheria inamtaka anayelipa ada za kazi ya namna hii, zikifika Sh. 24,000 katika mwezi, akate asilimia 5 na kuipeleka kwa Mamlaka ya Mapato ya Kenya, yaani KRA, kwa namba ya PIN ya aliyefanya kazi. Ikiisha kupelekwa, cheti hutoka katika mtandao wa iTax. Cheti kile ni fedha. Ndicho kinachoonyesha kwamba shilingi zako zimefika serikalini, wala hazikubaki mfukoni mwa mtu. Malipo yaliyo chini ya kiasi hicho hayakatwi, lakini hayo nayo ni mapato, na lazima yaandikwe.

Sasa tutazame hesabu mbili za mwaka 2024, kwa viwango vilivyowekwa Julai 2023. Kwa mwaka mzima, Sh. 288,000 za kwanza hutozwa asilimia 10, Sh. 100,000 zinazofuata asilimia 25. Kisha asilimia 30 mpaka mapato yawe makubwa sana. Halafu kila mkaaji wa nchi hupunguziwa kodi Sh. 28,800 kwa mwaka. Bima ya afya na tozo ya nyumba zina hesabu zao, hatuzitii hapa.

Wa kwanza ni dada asiye na kazi nyingine. Amepata Sh. 400,000, na waliomlipa wamekata Sh. 20,000. Yeye amemlipa wakala wake kamisheni Sh. 60,000, na ametumia Sh. 20,000 kwa safari za kazi na kukodi nguo. Faida yake ni Sh. 320,000. Kodi ya Sh. 288,000 ni Sh. 28,800, ya Sh. 32,000 zilizobaki ni Sh. 8,000. Jumla Sh. 36,800. Ondoa zile Sh. 28,800, zinabaki Sh. 8,000. Naye amekwisha katwa Sh. 20,000! Basi anadai Sh. 12,000. Akikaa kimya, hakuna atakayemfuata nyumbani kumpa.

Wa pili ni ndugu mwenye mshahara wa Sh. 40,000 kwa mwezi, ambaye mwajiri wake humkata kodi kila mwezi. Kwa kupigwa picha amepata Sh. 100,000, akakatwa Sh. 5,000, na gharama zake ni Sh. 20,000. Huyu punguzo lake limekwisha tumika katika mshahara, na vile viwango vya chini vimekwisha jaa. Kwa hiyo faida yake ya Sh. 80,000 inatozwa asilimia 30, yaani Sh. 24,000. Toa Sh. 5,000, anadaiwa Sh. 19,000. Ndugu huyu akidhani asilimia 5 imemaliza mambo, amejichimbia shimo.

Mmeona wenyewe: wawili wamefanya kazi moja, na wote wamekatwa asilimia 5, lakini mmoja anadai na mwingine anadaiwa.

Juu ya gharama, sheria inakubali zile tu zilizotumika kwa ajili ya kupata mapato hayo. Kamisheni ya wakala, nauli ya kutoka Nairobi kwenda Mombasa kwa kazi ya picha, nguo iliyokodiwa kwa onyesho: hizo ni za kazi. Chakula cha nyumbani na nguo za kuendea arusini ni zako mwenyewe. Tena tangu Januari 2024 gharama hutakiwa kuthibitishwa kwa ankara ya eTIMS. Mwambieni wakala awape ankara hiyo kwa kila kamisheni anayochukua. Na mkilipwa kwa vitu, kama viatu au simu, badala ya fedha, msidhani hilo si pato.

Hapa ndipo wenzetu wanapoonewa. Mara nyingi fedha hupita kwa wakala. Kijana anaambiwa, "Tumekata yetu na ya serikali, chukua hii." Ya wakala ni ngapi? Ya serikali ni ngapi? Cheti kimeandikwa PIN ya nani? Hajui. Kama cheti kimetoka kwa jina la wakala, kijana hana la kuonyesha. Twasema mapatano yote yawe kwa maandishi, yakionyesha malipo kamili kabla ya kukatwa, kamisheni, kodi, na siku ya kutoa cheti. Kijana mmoja akidai hivyo peke yake ataambiwa wako wengine mlangoni. Tukidai sote, mlango ule utakuwa mtupu.

Sasa yashikeni haya. Wekeni daftari: tarehe, aliyelipa, kiasi kamili, kilichokatwa, gharama. Kila mwezi tazameni katika iTax kama vyeti vimefika. Visipofika, mwulizeni mlipaji mapema. Kodi iliyobaki ya mwaka hulipwa kabla ya kwisha Aprili 30 ya mwaka unaofuata, na ritani, yaani taarifa ya mapato yote, ya mshahara na ya picha, hupelekwa kabla ya kwisha Juni 30. Atakayedaiwa zaidi ya Sh. 40,000 kwa mwaka hutakiwa kulipa kwa mafungu manne mwaka ule ule. Anayechelewa kupeleka ritani hutozwa Sh. 2,000 au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa. Karatasi zenu ziwekeni miaka 5.

Wanachama wanaojua kazi ya iTax tunawaomba wakae na wenzao mapema, si usiku wa Juni 30. Asiye na cheti na alete jina la mlipaji na tarehe ya kazi kwa katibu wa tawi, ili tuandike barua kwa jina la chama.

Kodi tutalipa, kwa kuwa hospitali na shule ni zetu. Lakini tulipe iliyo haki, na kilichozidi kirudi kwa aliyekifanyia kazi.

Umoja ni nguvu.