Manowari Hainunuliwi Mara Moja

(Haya ni maneno tuliyoyasema Kilwa Kivinje. Twayachapa kwa faida ya wasomaji ambao hawakuwapo.)



Twashukuru kwa kutukaribisha, na twashukuru zaidi kwa kutuchagulia jambo la kusema, maana wageni wengi huja hapa na jambo lao mfukoni. Ninyi mmetaka tuseme juu ya manowari. Wako vijana hapa wasemao kwamba nchi yenye bahari kubwa kama yetu haina budi kuwa na manowari za kuonekana. Wako wazee wasemao kwamba fedha hiyo afadhali ijenge zahanati na gati. Tumewasikiliza wote tangu jana. Kila upande una haki yake, ila hatukusikia upande uliopiga hesabu. Basi sisi tumekuja kupiga hesabu.

Tuanze na hesabu ya nyumbani. Mwenye jahazi hununua mbao, misumari, kamba na tanga, akamlipa fundi. Siku chombo kinaposhuka majini watu hupiga vigelegele, lakini yeye moyoni ajua kwamba gharama ndiyo kwanza yaanza. Kila msimu chombo kitapandishwa pwani, kitakalafatiwa, kitapakwa deheni chini na sifa juu, wadudu wa maji wasije wakatoboa mbao. Tanga hupasuka, kamba huoza, na mabaharia hula hata siku ambayo hakuna upepo. Mtu akimaliza fedha yake yote katika kununua, asiache hata senti ya deheni, baada ya misimu michache ana kuni, hana jahazi.

Manowari ni hivyo hivyo, ila tarakimu zake ni ndefu. Katika majeshi ya bahari yaliyozoea kuweka hesabu hizi, bei ya kununua mara nyingi huwa kama theluthi moja tu ya fedha yote itakayoliwa na meli katika miaka 25 au 30 ya maisha yake. Theluthi mbili ni dizeli, mishahara, vipuri, rangi, mafunzo na gudi la kuitengenezea. Kwa hiyo mkisikia nchi imenunua meli kwa fedha kadha wa kadha, jueni kwamba hiyo ni bei ya kuingilia mlangoni.

Iko na kanuni ya pili, nayo wengi hawaijui. Ukitaka meli moja iwe baharini kila siku ya mwaka, unahitaji meli tatu. Moja iko kazini. Ya pili iko juu ya gudi, injini zimefunguliwa. Ya tatu inafundisha watu wake na kujitayarisha kuipokea ya kwanza. Jeshi letu la wanamaji, ambalo kituo chake cha Kigamboni kilijengwa kwa msaada wa China mwanzoni mwa miaka ya 1970, lilipokea mwaka 2015 meli mbili za mita 60 zilizotengenezwa China, Mwitongo na Msoga. Ni jambo la kujivunia. Lakini kwa kanuni hii meli mbili za aina moja hazitoshi kutuhakikishia kwamba moja iko majini usiku na mchana. Hatusemi haya kuwalaumu wanamaji. Ndiyo hesabu ya bahari.

Na dizeli je? Chombo cha ukubwa huo chenye injini za kilowati 4,000, kikienda kwa nguvu zote, hunywa karibu lita 1,000 kila saa. Bahari yetu ya kiuchumi yafika maili 200 kutoka pwani. Kwa mwendo wa maili 15 kwa saa, kufika ukingoni ni zaidi ya saa 13. Zidisheni wenyewe kwa bei ya dizeli mnayonunulia mashine zenu, kisha mkumbuke kwamba chombo lazima kirudi. Nahodha mwerevu hupunguza mwendo, maana ukipunguza mwendo nusu, nguvu inayotakiwa hushuka mpaka kama sehemu moja ya nane. Lakini mwizi wa samaki akikimbia, hapo hakuna kupunguza.

Sasa turudi katika mji huu, maana Kivinje ina somo lake katika mambo haya, nalo ni chungu.

Pwani hii imelipia manowari za watu wengine kwa karne nyingi. Mwaka 1502 Vasco da Gama alikuja na meli zake mbele ya Kilwa Kisiwani akamtoza mtawala wake, Amir Ibrahim, kodi ya dhahabu. Dhahabu hiyo ilifuliwa ikawa chombo cha ibada kilichomalizika mwaka 1506, kipo Lisbon mpaka leo. Mwaka 1505 Almeida akaja na meli zaidi, mji ukaporwa, ngome ikajengwa. Na ngome hiyo Wareno wakaiacha mwaka 1512. Hawakutubu. Biashara ilikuwa imekimbia, na walinzi walikuwa wanakula kuliko walichokuwa wanakusanya. Hata mwizi, ndugu zangu, hupiga hesabu ya matumizi.

Baadaye ikaja zamu ya Kivinje. Katika karne ya 19 forodha ya mji huu ilikuwa miongoni mwa forodha kubwa za Bara katika himaya ya Unguja. Tusione haya kusema mali hiyo ilikuwa nini: pembe, sandarusi, baadaye mpira, na kabla ya hapo watu, maelfu kwa maelfu, waliopitishwa katika njia hizi hizi tuzipitazo kwenda msikitini. Ushuru ulikwenda Unguja. Huko Seyyid Said alikuwa na meli za vita za kutosha hata akampa mfalme wa Uingereza moja, iliyoitwa Liverpool, yenye mizinga 74, mwaka 1836. Ilikuwa zawadi. Hatujui zawadi gani ilirudi Kivinje.

Mwaka 1872 tufani kubwa iliipiga Unguja ikaharibu meli za Seyyid Barghash. Naye akataka nyingine. Alikuwa ameiona manowari ya Waingereza iitwayo Glasgow, ikampendeza, akaagiza ya kufanana nayo kutoka kwa akina Denny wa Dumbarton, Scotland. Ilifika mwaka 1878, ikaitwa Glasgow kama mwenzake. Bei yake ilikuwa pauni 32,735. Ilikuwa na mizinga 7 ya ratili tisa, vyumba vya fahari, na mwili wa msaji juu ya mbavu za chuma. Barghash akaitazama, na baada ya muda akaichoka. Ikatia nanga mbele ya jumba lake, ikakaa.

Basi sikilizeni yaliyotukia. Mwaka 1888, baada ya Barghash kufariki, Seyyid Khalifa alikodisha pwani hii kwa kampuni ya Wajerumani. Mwezi wa Septemba watu wa Kivinje walikataa, na mawakala wawili wa kampuni wakauawa katika mji huu. Mwezi wa Desemba manowari za Kijerumani na Kiingereza zikaifunga pwani nzima. Mei 1890 manowari za Kijerumani ziliupiga mji huu kwa mizinga, kisha Wissmann na askari wake wakaingia. Glasgow ilikuwa wapi? Ilikuwa Unguja, imetia nanga mbele ya jumba.

Mwaka 1896, tarehe 27 Agosti, ikapigana vita yake moja tu. Waingereza walikuwa na meli tano. Tangu mzinga wa kwanza mpaka wa mwisho ni kama dakika 38, na Glasgow ikazama papo hapo. Milingoti yake ilibaki inaonekana juu ya maji mpaka mwaka 1912, ilipokatwa kuwa chuma chakavu. Miaka 18 ya mishahara, rangi na makaa, kwa asubuhi moja. Tukiulizwa kosa lilikuwa nini, sisi hatusemi kwamba ilikuwa ndogo mno. Twasema haikuulizwa hata mara moja: utafanya kazi gani?

Swali hilo ndilo la kwanza katika kupanga jeshi la bahari, nalo hutangulia swali la bei. Kazi yetu ni ipi? Bahari ya kiuchumi ya Tanzania ni zaidi ya kilomita za mraba 200,000. Humo wamo jodari wanaofuatwa na meli za mbali. Mwezi wa Machi 2009 meli Tawariq 1 ilikamatwa humo ikiwa na karibu tani 300 za samaki, nchi nzima ikashangilia. Wachache walikumbuka kwamba chombo kilichotumika katika doria ile, Sarah Baartman, kilikuwa cha Afrika Kusini. Na mwaka 2014 Mahakama ya Rufani ikafuta hukumu ya washtakiwa. Kukamata bila kesi iliyoandaliwa vizuri ni nusu ya kazi. Mwanasheria naye aingizwe katika gharama za manowari!

Karibu zaidi na hapa kuna Songo Songo, ambako gesi yake yawasha taa za Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Mwaka 2011 maharamia wa Kisomali walifika mpaka bahari ya Mafia wakashambulia vyombo vya kazi ya kutafuta mafuta; wanamaji wetu wakawatia mbaroni saba. Kuna wapiga baruti wanaoua miamba. Kuna magendo. Na tangu Oktoba 2017 kuna vita ng'ambo ya Ruvuma.

Twataka tukae kidogo hapo ng'ambo ya Ruvuma, maana ni jirani zetu. Mwaka 2013 na 2014 kampuni tatu za serikali ya Msumbiji zilikopa jumla ya kama dola bilioni 2 kwa ajili ya ulinzi wa pwani na meli za jodari. Sehemu kubwa ya deni hilo Bunge lao halikuambiwa. Lilipofichuka mwaka 2016, wafadhili walisimamisha misaada, thamani ya fedha yao ikaanguka, na mama muuza samaki wa Maputo akalipa kwa bei ya mchele. Wakaguzi waliotoa ripoti mwaka 2017 walikuta vyombo na huduma vimezidishwa bei kwa zaidi ya dola milioni 700, na dola milioni 500 hazikupatiwa maelezo. Meli za uvuvi zilikaa gatini. Na Agosti 2020 waasi waliuteka mji wa bandari wa Mocímboa da Praia, mji wa Wamwani ambao lugha yao na yetu ni ndugu. Ukawa mikononi mwao mwaka mzima. Deni lilikuwapo, ulinzi haukuwapo.

Wala tusiwacheke jirani. Sisi wenyewe tulinunua rada ya pauni milioni 28 kutoka kampuni ya BAE ya Uingereza, mkataba uliopingwa hata huko kwao mwaka 2001 kwamba ni ghali na haitufai. Zaidi ya dola milioni 12 zilipitia kwa wakala. Mwaka 2010 kampuni hiyo ilikiri mahakamani London kosa la kutoweka hesabu sawasawa, na pauni milioni 29.5 zikarudishwa kwa Watanzania, zikanunua vitabu na madawati. Zilirudi kwa sababu hesabu za mwuzaji zilikaguliwa kwao. Zetu zilikuwa wapi?

Tutaambiwa: mambo ya jeshi ni siri. Kweli. Risasi ni ngapi, meli italala wapi usiku huu, hiyo ni siri, na mwenye kuitangaza ni adui. Lakini bei si siri kwa anayelipa. Adui hashindi vita kwa kujua kwamba tulilipa kiasi gani; anayefaidika na siri hiyo ni wakala. Bunge lina kamati, na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu yupo. Makadirio ya Wizara ya Ulinzi yanaposomwa Dodoma, sisi twapenda kusikia mbali mbali: fedha ya kununua ni hii, ya dizeli hii, ya vipuri hii, ya mafunzo hii, na kwa miaka mingapi. Meli ambayo dizeli yake haikuandikwa ni Glasgow nyingine.

Mtatuuliza, basi mwataka nini? Kwa fikira zetu, vyombo vidogo vingi vya aina moja, ili kipuri kimoja kifae vyote na fundi mmoja avijue vyote, ni bora kuliko kikubwa kimoja cha kupigia picha. Hapa Kivinje wote mwajua kwamba maji yakitoka hata jahazi hukaa juu ya tope. Manowari kubwa itawatazama kwa mbali tu. Kilwa Masoko kuna maji ya kina, na mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliweka huko jiwe la msingi la bandari ya uvuvi. Mahali pa kufunga boti za doria, na fundi, na ghala la vipuri, patafutwe hapo.

Jana jioni mvuvi mmoja, mtu mzima, alitushika mkono pale ufukweni. Hakutaja manowari. Alituuliza: mtu akizama usiku wa leo baina ya hapa na Songo Songo, nani atakuja, na kwa chombo gani? Hatukuwa na jibu, tukalala nalo. Asubuhi tumeketi tukaandika: boti moja ya mita 12, injini mbili, redio, watu wanne kwa zamu, dizeli ya miezi 12 pamoja na daftari lake, matengenezo mara mbili kwa mwaka, na boti ya pili ya akiba. Hesabu yote imeingia katika karatasi moja, nayo iko mezani kwa katibu. Ninyi wenye mashine za boti njoni muisahihishe kabla hatujaipeleka kwa mbunge, hasa pale kwenye vipuri, maana bei zake mwazijua kuliko sisi.