Nyanya Chini ya Nailoni



Rungwe yetu mvua tunayo. Kinachotuangushia nyanya ni majani kushinda yamelowa, maana ukungu wa bakajani hustawi kwenye unyevu na baridi. Kitalu nyumba cha nailoni hukinga mvua, majani yakabaki makavu, na mchana joto likaongezeka. Ila pande zake zifunguliwe mchana, la sivyo unyevu hubaki ndani na ugonjwa hurudi.

Tena udongo wa ndani haunyeshewi, lazima umwagiliwe. Paa la mita 8 kwa 15 hukinga lita 120 kwa kila milimita ya mvua.

Basi tukichangia nailoni, tuchangie na gata na tanki.