Kukausha Maembe Nyumbani Bila Sukari

(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama)



Leo hatusemi habari za mishahara, lakini jambo hili linaugusa mshahara wa kila mmoja wetu. Wengi wetu tuna miembe kwetu, Machakos, Makueni, Kilifi au Kwale. Maembe yakiiva huiva yote kwa pamoja. Dalali huja na lori, hutaja bei aipendayo, nasi hukubali, maana tunda halingoji. Miezi michache baadaye watoto wa nyumba ile ile hawana tunda la kula. Basi awezaye kuweka akiba ya maembe yake ndiye awezaye kumwambia dalali, "Bei hiyo hatuitaki."

Katika embe, zaidi ya sehemu nane kwa kumi ni maji. Maji yakitoka, uozo hauna nafasi. Sukari ya dukani haihitajiki, kwani utamu wa embe lenyewe hubaki na kukolea.

Chagueni maembe yaliyoiva lakini yasiyolegea. Osheni mikono, kisu na matunda kwa maji safi. Menyeni, kisha kateni vipande vya unene wa milimita 5 au 6, vyote sawasawa. Palipooza patupwe. Rangi isigeuke, viloweke vipande kwa dakika 10 katika maji ya ndimu yaliyochanganywa na maji safi kiasi sawa, kisha vichujeni.

Vipangeni juu ya wavu safi wa nailoni uliowambwa kwenye fremu ya mbao, visigusane. Inueni fremu ili upepo upite chini, na kufunika kwa chandarua ili inzi wasitue. Pawe mahali pa jua, mbali na vumbi la barabara. Vigeuzeni kila siku, na jioni viingizeni ndani, maana umande hurudisha maji. Kwa jua kali ni kazi ya siku 2 hadi 4. Mvua ikinukia, msianze.

Kipande kilichokauka hupindika kama ngozi, wala hakitoi maji kikikamuliwa. Viacheni vipoe, mvitie katika chupa kavu zenye vifuniko, na kuzitikisa kila siku kwa juma moja. Mkiona jasho ndani ya chupa, virudisheni juani. Mkiona ukungu, tupeni vyote.

Kilo 10 za nyama ya embe hutoa karibu kilo 2 za embe kavu. Kwa kuwa utamu umekolea, mtoto atosheke na vipande vichache, na mwenye ugonjwa wa sukari ale kwa kipimo.

Fremu moja haimtajirishi mtu. Lakini jirani watano wakichanga mbao, misumari na wavu, wana kiwanda chao kidogo. Huko Ukambani msimu huanza mwishoni mwa mwaka. Fremu ziwe tayari kabla lori la dalali halijafika.

Umoja ni nguvu.