Aliyetumwa Ndiye Aliyejua: Mwanafunzi wa Lugha na Huduma ya Kujitolea



Kila bajeti inapojadiliwa huzuka rai ileile: mwanafunzi wa lugha hawezi kuelewa utamaduni wa wengine mpaka apande ndege, na aliyekosa viza atosheke na darasa. Nadharia za kuelewa utamaduni wa wengine kupitia lugha, tangu kitabu cha Michael Byram cha 1997, mnazijua, sitazirudia. Rai hii ndiyo iliyonileta hapa.

Rai hiyo inachukulia kwamba umbali ni maarifa. Wazungu wa Élisabethville, kama Lubumbashi yetu ilivyoitwa enzi ya ukoloni, walivuka bahari, wakakaa hapa miaka na miaka, na wengi wao Kiswahili chao kilikuwa cha kuamrisha tu: lete, fagia, chota maji. Mwanaanthropolojia Johannes Fabian, aliyewahi kufundisha chuoni hapa, alionyesha mwaka 1986 jinsi vitabu vyao vya msamiati vilivyojaa amri.

Sasa tusikie upande wa jikoni. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Élisabethville kwa Kiswahili cha mji huu, kwa niaba ya waliokuwa watumishi wa nyumbani. Maneno yameunganishwa na kukatwa bila kanuni za shule, hata Fabian, aliyeichapisha mwaka 1990 akisaidiwa na Kalundi Mango, alihitaji isomwe kwa sauti ndipo aielewe. Nami huwasomesha wanafunzi wangu hivyohivyo, kwa sauti, taratibu. Mna mishahara humo, mna posho, mna tabia za mabwana zilizopimwa na watu waliowapikia. Sijui andiko jingine la mji huu lililomtazama mgeni kwa makini kiasi hicho.

Nikisema kwa mfano huu kwamba mwanafunzi ajifunze kwa huduma ya kujitolea mtaani, nitajibiwa kwamba watumishi wale hawakujitolea. Kweli, na asitokee mtu wa kuisifu dhuluma ile kwa sababu ilizaa kitabu. Lakini ukweli unabaki: aliyepaswa kusikiliza ndiye aliyejua. Kwa hiyo hata huduma ya kujitolea haitoshi yenyewe. Mwanafunzi anayetoka kampasi yetu ya Kasapa na kwenda mtaa wa Katuba na fulana mpya na karatasi ya maswali bado ni mtu wa kuamrisha, ingawa kwa upole.

Mwanafunzi wangu mmoja, mzaliwa wa Kananga, alikuwa akisaidia kwenye kituo cha afya. Alimwuliza mama mmoja maswali ya fomu, asijibiwe. Mama akampa mtoto ambebe, akaenda kupanga foleni ya dawa. Aliporudi alianza yeye kuuliza: unatoka wapi, mama yako yuko wapi, umekula? Fomu ilijazwa baadaye, na majibu yalikuwa marefu kuliko nafasi zake.

Wakuu wa idara, naomba saa za huduma ziingizwe kwenye programu ya mwaka wa pili, wanafunzi wapangiwe kazi na wauguzi na wazazi wa mtaa, na nusu ya alama itolewe na hao hao. Ndege zisubiri.